Fremu za Mzinga wa Kulia

Ukimwona nondo wa nta ukutani, utamhurumia. Ni mdudu mnyonge wa rangi ya majivu, hata kukimbia anakimbia kwa miguu badala ya kuruka. Wageni wangu huniuliza kwa nini nampiga kwa ndala kwa hasira ile. Nawaambia ngojeni muone watoto wake. Anataga mayai kwenye nyufa za fremu za mzinga zilizohifadhiwa, na yakianguliwa, viwavi wanatafuna nta huku wakiacha utando mweupe nyuma yao. Sega ambalo nyuki wamelijenga msimu mzima linabaki nyuzi na kinyesi cheusi. Wakimaliza nta wanachimba mbao. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, lakini kwa huyu mdudu nadhani hata mtakatifu angevua kiatu.

Ninaishi mjini, Migosi, nyumba ya kupanga, na siku za wiki nashona sare za shule. Jumamosi naenda nyumbani kwa mume wangu, Nyakach, si mbali na Pap Onditi. Nasema kwa mume wangu kwa sababu mimi ni mtu wa Maragoli, na hilo halijawahi kusahauliwa pale. Mama mkwe wangu hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita nyar Maragoli, binti wa Maragoli, akifurahi na akikasirika, na nimejifunza kutofautisha kwa sauti tu. Tunazungumza Kiswahili, chake kimechanganyika na Kijaluo, changu na Kilogooli, na tunaelewana vizuri, hasa tukigombana.

Mizinga niliileta mimi. Ni ile ya masanduku, yenye fremu za mbao zinazochomolewa moja moja kama faili kwenye droo. Mume wangu hakushiriki. Anaogopa nyuki na anamwogopa mama yake, na mpaka leo sijui ni nani anayemtisha zaidi. Mizinga ilikuwa miwili, na mimi nilitaka yote ikae nyuma ya boma, mbali na watu. Mama akakataa. Mzinga wa kwanza ukaenda upande wa kulia, ukisimama mlangoni kwake ukitazama lango, kwa sababu huko ndiko kifungua mimba wake alikojenga nyumba yake ya ujana. Wa pili ukaenda kushoto, upande wa mume wangu, mtoto wa pili. Sikubishana. Nyuki hawajui nani alizaliwa kwanza.

Wakati huo kifungua mimba mwenyewe alikuwa bado nyumbani. Ni fundi seremala. Fremu za mzinga wa kulia alizipigilia kwa mikono yake, ameketi kwenye kivuli cha jiko, na Mama amemsimamia kwa maneno: misumari imezidi, mbao itapasuka, nani alikufundisha wewe? Siku ya kuziingiza alianza yeye, bila glavu, akijigamba. Nyuki akamuuma mdomo. Mdomo ukavimba ukajaa uso mzima, akawa anajaribu kutukana na maneno hayatoki, na Mama akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Katika miaka yangu yote kwenye boma lile, ni siku hiyo tu nilimwona akicheka namna ile.

Baadaye huyo mkubwa akaenda Mombasa kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya kanisa. Halafu ikawa sikukuu tu. Halafu tukawa sisi ndio tunaopiga, na yule mwanamke wa mtambo anatuambia mteja hapatikani.

Kiangazi kikikaza, nyuki hupungua. Kundi dogo haliwezi kulinda masega mengi, na pale wasipofika ndipo nondo anafanya makao. Kwa hiyo sanduku la juu la mzinga linatolewa, fremu zake zinahifadhiwa mpaka mvua irudi na maua yachanue, kisha zinarudishwa. Ukirudisha fremu zenye masega, nyuki wanaanza kujaza asali mara moja. Ukiwapa fremu tupu, msimu wote unaishia kwenye ujenzi. Ndiyo maana fremu zangu kuukuu nazipenda kuliko vyombo vya kabati.

Mwaka wa kwanza nilizihifadhi kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yaliyoniponza. Sisi watu wa huku kitu tukikithamini tunakifunika. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na mimi tena ni mshonaji. Nilizipanga fremu zikabanana, nikazizungushia nailoni nyeusi, nikaweka blanketi juu, nikafunga kamba, nikazifungia stoo kwenye giza na joto. Hata mwenyewe nilijisifu. Nilipofungua, Mungu wangu! Ule utando ulikuwa umeunganisha fremu zote za chini zikawa kitu kimoja, na ndani kunatambaa. Nondo anapenda giza, anapenda joto, anapenda pasipopita upepo. Nilikuwa nimemjengea hoteli.

Mama alikuja akasimama mlangoni mwa stoo. Hakuuliza hasara ni kiasi gani.

"Za huyu mkubwa zimepona?" akauliza.

Za mkubwa nilikuwa nimezipanga juu kabisa, na zilikuwa zimeguswa kidogo tu. Nikamwambia zimepona. Akasema "ero kamano", asante, na akaondoka zake, akaniacha na uchafu wangu.

Ushauri haukukosekana. Mmoja aliniambia nitumie zile dawa nyeupe za mviringo za kuweka kwenye nguo, nikamuuliza kama yuko tayari kunywa chai yenye asali inayonuka sanduku la bibi. Nta inanyonya kila harufu. Mwingine akasema majani ya mwarobaini, nikaweka, viwavi wakapita katikati yake. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia niziombee. Niliziombea pia, siwezi kusema sikuziombea.

Kilichosaidia kilitoka ziwani. Jirani yangu wa Migosi anauza samaki, na ana friza kubwa anamoweka ngege na mbuta. Nilikuwa nimesikia kwamba baridi kali huua hata mayai ya nondo. Nikamwendea na gunia langu.

"Nyuki wako sasa wamehamia kwa samaki?" akasema. Lakini alinipa kona ya friza.

Nilizifunga fremu vizuri sana ili zisinuke samaki, nikazigandisha kwa zamu. Siku moja mteja akafungua friza mwenyewe kutafuta ngege mkubwa, akakutana na bunda limefungwa kamba, ndani yake kinachungulia kitu cheusi chenye matundu. Akafunga friza, akafunga mkoba, akaenda kununua kwingine. Jirani akanijia juu: "Watu wanasema naweka dawa ya mganga kuvuta biashara! Toa vitu vyako, wewe mama!" Nikavitoa. Bahati nzuri vilikuwa vimekwisha kuganda vya kutosha.

Aliponisamehe, akanipa jambo la pili: wavu mzee wa omena. Omena ni samaki mdogo kuliko kidole, kwa hiyo matundu ya wavu wake ni madogo kiasi kwamba nondo hapenyi. Nikaukata, nikaushona mifuko mipana, nikapeleka Nyakach. Nikatundika fremu chini ya paa la banda lisilo na kuta, zimeachana, mwanga unapita, upepo wa ziwani unapita, na kila kundi liko ndani ya mfuko wake. Mfuko wa kushoto fremu zetu. Mfuko wa kulia fremu za mkubwa. Kila Jumamosi nilizikagua moja moja kwenye jua. Kiangazi kile kizima, nondo hawakupata kitu. Nilitembea kwenye lile boma nimeinua shingo.

Basi mvua ikaja. Ilikuja vizuri, miti ikachanua, nyuki wakaongezeka mpaka wakawa wananing'inia nje ya mlango wa mzinga kwa kukosa nafasi. Nikavaa vazi langu la nyuki, nikawasha kifukizo, nikaenda bandani kuchukua fremu. Mama alikuwa ameketi pale pale chini ya mifuko.

"Unaenda wapi na hiyo moshi?"

"Narudisha fremu, Mama. Nyuki wamejaa."

"Mkubwa hajaanza."

Nilidhani sijasikia sawasawa. Kwao, mbegu ina utaratibu wake. Mwenye boma anaanza kupanda, kisha kifungua mimba, kisha anayemfuata. Mdogo akimtangulia mkubwa amevunja mwiko, na mabaya yakija, kila mtu atajua yametoka wapi. Hilo la mahindi nililijua na nililiheshimu. Lakini la nyuki?

"Mama, hii si mbegu."

"Inaingia, inangoja, inatoa chakula. Hiyo ni nini kama si mbegu? Na hata wewe ulikuwa hapa siku ile. Nani alianza?"

"Alianza yeye, lakini Mama, yuko Mombasa!"

"Atakuja. Ngoja."

Nikamtazama mume wangu anisaidie. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajanyweshwa.

Tukangoja. Mama alikuwa amepanda shamba lake, shamba la mkubwa likawa nyasi, na letu lililofuata likawa nyasi vilevile. Majirani wenye kaka wa mbali walikuwa wanafanya jambo rahisi: wanapiga simu, kaka anasema anzeni, mama mzazi anaridhika, jembe linaingia. Nilimwambia Mama hivyo. Akasema mtoto wake si wa kuongea kwa simu, ni wa kuja kwa miguu.

Kila Jumamosi nilifika nikiwa nimejaa hasira na kuondoka nimejaa zaidi. Mvua ilikuwa imeleta unyevu na nondo walikuwa wengi, nawaona wamekaa kwenye nguzo za banda wakisubiri tundu kwenye wavu. Nilichomoa fremu, nikazianika, nikazirudisha, nikashona mfuko ulipolegea. Chini yangu nyuki wanatafuta nafasi, juu yangu nafasi imening'inia kwenye mfuko. Yawa! Nilikuwa nasema peke yangu kama mwehu. Wiki moja zaidi na kundi lingegawanyika, nusu ingehama na malkia wake, na maua yangepukutika bila asali. Nilimwambia Mama yote hayo, kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitumia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Haya, chukua uji."

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida na sikumkuta mlangoni. Nikamkuta kwenye nyumba ya mkubwa, ile ya upande wa kulia, amepiga magoti, anakandika ukuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe mahali mvua ilipomega. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka ambayo nilimshonea yeye Mama, Krismasi, na ambayo alikuwa ameniambia imepotea. Hakuniona. Nikarudi nyuma taratibu nikaenda kukaa bandani.

Pale ndipo nilipoelewa, na ninaona haya kwamba ilinichukua muda. Mama hakuwa analinda utaratibu wowote. Alikuwa anamwita mtoto wake. Shamba likikwama, nyuki wakikwama, wakwe wakipiga kelele, lazima mtu aje kukwamua. Alikuwa amefunga kila kitu kwenye kamba moja na anaivuta, na fremu zangu zilikuwa zimefungwa kwenye kamba hiyohiyo pamoja na mahindi. Nilimwonea huruma. Hasira haikuisha lakini.

Nikaamua siku hiyohiyo kumtafuta huyo mtu. Sokoni Sondu kuna mama anayeuza viazi, na kaka yake alikwenda Mombasa na shemeji yangu. Alinipa namba nyingine kabisa, si ile tuliyokuwa tunaipiga. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama, nikamwambia nimepata namba yake. Alikuwa anachambua mboga. Akaendelea kuchambua, lakini nikaona anavunja mashina na kutupa majani.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Ikaita. Akapokea mara moja, kama mtu aliye karibu kabisa.

"Shemeji! Habari za siku nyingi!" Lafudhi ilikuwa imebadilika, anazungumza kama mtu wa kule.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nikajikuta naeleza habari za nyuki, eti wamejaa, eti fremu zinangoja, eti mashamba mawili ni nyasi, tunamngoja yeye aanze. Akacheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama mtu aliyekumbushwa mchezo wa utotoni.

"Ah, shemeji, anzeni tu. Waambie wazee nimesema anzeni. Hata mwaka ujao na mwingine. Msinisubiri mimi, huku nishajenga."

Kule Nyakach mwanamume hasemi nimejenga kwa maana ya kupanga matofali tu. Mahali ulipojenga ndipo kwako, na ndipo utakapozikwa. Mimi ni mtu wa Maragoli, lakini hilo sihitaji kutafsiriwa.

"Mama yuko?" akauliza.

"Yuko hapa, ongea naye." Nikamnyooshea Mama simu. Akausukuma mkono wangu kwa nyuma ya kiganja, polepole, bila kuinua macho.

"Shemeji? Haya, msalimie sana," akasema, na simu ikakatika.

Kuku walikuwa wanadonoa yale majani aliyotupa. Mama akainuka, akakung'uta leso, akajifunga upya.

"Umesikia," akaniambia. "Weka."

Nilikuwa nimelitaka neno hilo mvua ile yote. Nikavaa vazi langu, nikashusha mfuko wa kushoto. Fremu zilikuwa safi, masega mazima, hakuna hata uzi mmoja. Nilipoziingiza, nyuki walipanda juu yake papo hapo, ule mlio wao ukabadilika ukawa mzito, mlio wa kazi. Siku nyingine ningefurahi. Nilifunga mzinga nikarudi bandani, nikasimama mbele ya mfuko wa pili.

"Mama, na hizi za mzinga wa kulia?"

Alikuwa amefika mlangoni kwake. Akajibu akiwa amenipa mgongo.

"Hizo ziache nondo wazile."

Akaingia, akafunga mlango, na ilikuwa mchana kweupe. Nikauacha mfuko ukining'inia palepale. Nyuki wa kulia niliwapa fremu tupu nilizokuwa nazo, wajenge wenyewe. Wiki ile Migosi nilishona mikono ya sare kinyume, nikafumua, nikashona tena kinyume.

Jumamosi nilifika nikakuta shamba la mkubwa bado nyasi na letu limelimwa. Mume wangu alikuwa ametangulia na jembe, kimya kimya. Kwa Mama mlango ulikuwa wazi. Nikazunguka kwenda bandani.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda juani. Mfuko wa kulia alikuwa ameushusha mwenyewe, sijui aliufikiaje. Fremu zilikuwa zimeegemezwa kwenye nguzo za banda, moja moja, zimeachana, kama nilivyokuwa nafanya mimi kila Jumamosi. Moja ilikuwa mapajani mwake. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo alikuwa ameiinamia mpaka pua inagusa mbao, na kwa njiti ya ufagio alikuwa anachokora kona, anatoa kiwavi, anamtupia kuku. Kisha anapuliza. Kisha anapapasa kwa kidole chake, pale misumari ilipozidi.

Nilisimama.

"Neti yako ina tundu, nyar Maragoli," akasema bila kugeuka. "Wameingia. Leta sindano."

Nikaenda kuileta.